Mwalimu wa Siasa Aliyekubali Kutoka Ofisini

Mpendwa wetu, ambaye wajukuu walimwita Babu Chaki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi cherehani na mkewe mkulima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Daftari likijaa, alihamia kwenye karatasi ambazo baba yake alikatia mitindo ya nguo. "Mteja karudisha suruali," mzee alilalamika, "kumbe nimekata kwa kufuata insha yako!" Mwaka 1971 aliingia chuo kikuu kusoma sayansi ya siasa, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamivu.

Alianza kufundisha mwaka 1977. Somo lake lilikuwa jinsi viongozi wanavyoingia madarakani, na kwa nini kutoka huwawia vigumu. Akawa profesa mwaka 1994, na mwaka 2004 akateuliwa kuwa mkuu wa chuo. Cheo hakikumvimbisha kichwa. Kila alichoandika, kiwe kitabu au hotuba, alimpa kwanza mtu wa nyumbani aliyeishia darasa la saba akisome. Alikuwa akisema, "Usipoelewa wewe, basi nimeandika upuuzi."

Alifunga ndoa tarehe 8 Disemba 1979 na muuguzi, aliyemzoeza kuvulia viatu mlangoni, na uprofesa pamoja navyo. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 vipindi vyake viwili vilikwisha. Baraza la chuo likamsihi aongeze cha tatu. Aliipenda ile kazi, na ujenzi wa maktaba mpya ndiyo kwanza ulikuwa umefika kwenye lenta. Akaandika barua ya kukubali, akampelekea mkamwana wake, msomaji wake wa darasa la saba, aliyekuwa jikoni akinyonyesha. Mkamwana akaisoma mara mbili.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, baba. Unasema hakuna mwingine anayeweza. Lakini kwenye kitabu chako uliandika kwamba wanaong'ang'ania wote huanza na maneno hayo hayo."

Ndipo mkewe akadakia kutoka sebuleni, "Haya, leo profesa kala sifuri!"

Mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Jumatatu alipeleka barua nyingine, ya kuaga. Muhula uliofuata alikuwa akifundisha mwaka wa kwanza, katika chumba chenye feni mbovu.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Siku moja aliyemrithi ukuu wa chuo alimfuata hospitalini, akataka ushauri juu ya mgomo wa wanafunzi. "Mwanangu, chuo ni chako," alimjibu. "Mimi nina mitihani ya kusahihisha hapa."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi wasiohesabika.

Safari hii ni sisi tuliotamani aongezewe muda. Baba, pumzika salama.