Nilimwita Kaka Yangu Mchawi, Kumbe Ni Tairi

Sifa zote zimrudie Mungu, ndugu zangu. Nawasalimu wote mliofika asubuhi hii, wazima na wagonjwa. Naitwa Ombeni, wa Magomeni, na wengi mnanijua kwa ile pikipiki kubwa nyeusi inayoongoza misafara ya maharusi siku za Jumamosi. Leo sikuja kuisifia. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye chuki, na mahali aliponitolea ni dukani, Kariakoo, mbele ya rundo la matairi.

Pikipiki hiyo niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Si kama hizi za bodaboda. Kiti chake kiko chini, usukani mpana, unakaa umejiegemeza kama uko kwenye kochi lako. Siku niliyoileta nyumbani nilimwita kaka yangu Stefano aje aione. Stefano ni mkubwa wangu, fundi makochi pale Ilala, na ndiye aliyenipokea mjini nilipotoka Masasi sina hata ndala za maana. Akaizunguka, akainama kuitazama, akasema, "Mdogo wangu, hii itakuangusha." Nikamkatiza palepale. Niliona ni wivu.

Mvua zilipoanza nikaanguka Jangwani. Gari la mbele lilisimama ghafla, nikashika breki, gurudumu la nyuma likateleza kama limepakwa sabuni, nikajikuta nimelala kwenye lami. Niliumia kiwiko tu. Wiki chache baadaye nikaanguka tena, karibu na Ilala Boma, na safari hii nilikuwa nimempakia mke wangu, Tumaini. Alivunjika mfupa wa bega. Ndugu zangu, mke wangu ni msusi. Alikaa miezi hawezi kuinua mkono kufika kwenye kichwa cha mteja.

Nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Matairi yalikuwa na kashata zote, ile mikato yake bado mirefu kabisa, na fundi aliyeyatazama alisema hayana shida. Basi nikakumbuka maneno ya kaka. Jirani mmoja akaniongezea, "Angejuaje kwamba utaanguka, kama si yeye?" Neno hilo likanikaa. Siku ya kikao cha familia, mbele ya mama yetu, aliyehamia Magomeni, na shangazi, nikasimama nikamwambia kaka yangu wa tumbo moja, "Wewe ni mchawi." Alichukua kofia yake akatoka.

Mwaka mmoja na zaidi hatukusalimiana. Binti yake aliolewa, sikwenda. Nilikuwa napita njia ndefu ili nisiione karakana yake. Na hapa kanisani nilikuwa naimba kwaya, tena mstari wa mbele, na jambo hilo liko moyoni. Nikikumbuka naogopa.

Pikipiki niliifunika turubai, mwishowe nikaamua kuiuza. Tumaini akaniambia, "Uza, lakini weka kwanza matairi mapya. Usimpe mtoto wa mwenzio kitu kilichonivunja mimi." Fundi akalitoa tairi la nyuma, nikalitia begani, nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, kutafuta la saizi ile.

Duka la tatu nilimkuta mama wa miaka kama sitini, mtandio kichwani, miwani inaning'inia kifuani. Wanamwita Bi Saada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo unakwenda kulizika?"

Nikacheka. Nikamwonyesha nililolipenda, limetundikwa ukutani, lina meno makubwa kama la trekta. Akatikisa kichwa.

"Hilo ni la vumbi na matope. Wewe unakwenda wapi?"

"Lami tu, mama. Kwenye harusi."

"Unampakia nani?"

"Mke wangu."

"Basi tuchague kwa ajili ya mkeo."

Akavaa miwani ili asome saizi ya lile tairi langu la zamani. Akafuta vumbi ubavuni kwa kidole, zikatokea tarakimu nne ambazo sikuwahi kuzitazama. "Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka," akasema. "Tairi lako lina miaka kumi na minne."

Nikamwambia haiwezekani, kashata si hizo hapo. "Kashata zipo kwa sababu halijatembea sana," akasema. "Lilikaa tu likakauka. Weka kucha hapo." Nikakandamiza, kucha haikuingia hata kidogo, ni kama nakandamiza mbao. Akanisogezea jipya. Nikakandamiza, mpira ukabonyea.

"Lilishakuangusha?"

"Mara mbili."

"Barabara ilikuwa imelowa?"

"Ndiyo."

"Uliposhika breki?"

"Ndiyo, mama."

"Lingemwangusha yeyote," akasema, akaendelea kupangua matairi yake.

Ndugu zangu, yule mama hakujua amesema nini. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale dukani nikalia, mtu mzima, wateja wananitazama. Chuki niliyoilisha zaidi ya mwaka haikuwa na chochote ndani yake. Nilimweleza Bi Saada habari yote. Akauliza, "Huyo kaka yako yuko hai?"

"Yuko Ilala, mama."

"Basi una bahati. Funga matairi, uende."

Hakukubali kuniuzia la nyuma peke yake. Alisema la mbele lazima ni la umri uleule, yaondoke yote mawili, na mapya yawe ya aina moja, yaelewane barabarani. Akanisomea namba ya uzito ubavuni, tukahakikisha yanabeba watu wawili pamoja na chuma kile kizito. Akanionyesha tarakimu za mwaka, nikazisoma mwenyewe. Mwisho akaniambia siku za mwanzo niende taratibu, maana tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani.

Alasiri ileile fundi alimaliza kuyafunga, nikaenda Ilala. Kaka alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kochi. Nikapiga magoti kwenye vipande vya sponji.

"Kaka, nilikukosea. Lilikuwa tairi. Lilikuwa limezeeka."

Akapigilia misumari mitatu, minne, bila kunitazama. Kisha akasema, "Ile siku niliona nyufa ubavuni. Ndicho nilichotaka kukuambia. Hukuniacha nimalize."

Akaweka nyundo chini.

"Na uliniita mchawi mbele ya mama."

"Nilikuita, kaka."

"Basi twende ukalifute neno hilo mbele ya mama."

Nikampa kofia ngumu ya Tumaini, akapanda nyuma yangu. Fikirini, ndugu zangu. Mtu niliyesema ameiroga pikipiki ile aliikalia bila hofu, na mimi dereva ndiye niliyekuwa naogopa. Manyunyu yalianza tunakaribia Magomeni. Taa ikawaka nyekundu, nikashika breki polepole, na pikipiki ikasimama wima, imetulia, haikuyumba hata kidogo. Kaka akanigonga bega. "Haya sasa ndiyo matairi," akasema.

Kwa mama nilisema yote, na shangazi aliitwa ili asikie. Mama alilia, akatushika mikono sote wawili, akaingia jikoni kupika. Tulikula sahani moja, kaka na mimi, kama zamani.

Pikipiki sikuiuza tena. Tumaini alisema atapanda siku atakayotaka mwenyewe, na mwezi uliopita alipanda, tukazunguka mpaka Mchafukoge tukarudi. Mkono wake unafika juu ya kichwa cha mteja. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, na Bi Saada, ambaye si wa kanisa letu wala wa dini yetu, namwombea baraka kila ninapojaza upepo.

Ndugu yangu unayenisikia, kama kuna mtu umemhukumu moyoni kwa sababu ya balaa lililokupata, mtegemee Mungu, yeye hashindwi kukuonyesha ukweli. Usisubiri Jumapili ijayo. Nenda kwake leo tukitoka hapa, ukaombe msamaha.

Mimi nilimchafua kaka yangu mbele ya watu, na habari zilifika mpaka humu ndani. Kwa hiyo namwomba Stefano, aliyekaa benchi la tatu, asimame. Mtazameni vizuri. Huyu ndiye kaka yangu, mtu mwema, aliyeniona ninakwenda kuanguka akataka kunizuia. Bwana atukuzwe kwa ajili yake.