Eliphas Ireri, Aliyehamisha Maktaba ya Wazee wa Nkirote

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitano ya utumishi, Bw. Eliphas Ireri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 kutoka Makao ya Wazee ya Nkirote, hapa viungani mwa mji wa Meru. Aliajiriwa tarehe mosi Februari 1996 kama fundi wa umeme na mabomba, na anaondoka na cheo hichohicho. Kazi ambayo wengi wetu tutamkumbuka kwayo haimo kabisa katika barua yake ya ajira.

Bw. Ireri ni mzaliwa wa Kiambere, kule Mbeere. Alisomea umeme Embu, akaja Meru kwa kibarua cha wiki mbili cha kurekebisha jenereta yetu, akabaki. Kimeru chake bado kina lafudhi ya kwao na wazee wetu hawajachoka kumcheka. Yeye huwajibu kwa Kimbeere, taratibu, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza.

Wanaomfahamu tangu zamani wanasimulia juu ya asubuhi ya mwaka 2001, tangi la maji moto lilipopasuka nusu saa kabla ya bodi kuwasili. Aliwapokea wageni akiwa amelowa hadi soksi, akawatembeza jengo zima na kuwaeleza habari za paa. Hakuna mjumbe aliyehitaji kumuuliza kwa nini amelowa. Tangi jipya liliidhinishwa siku hiyo.

Maktaba yetu ya video na sauti ilianza kwa sababu ya ugomvi. Tulikuwa na runinga moja ukumbini na wakaazi ishirini na wawili. Huyu alitaka mahubiri, yule mpira, mwingine habari, na wengine walitaka tu izimwe. Mwaka 2013 mfadhili mmoja alitupatia kompyuta na diski kubwa ya kuhifadhia, na Bw. Ireri akaanza kukusanya: nyimbo za kwaya, kisomo cha Kurani, mechi za zamani, sinema, na video za harusi na mazishi zilizoletwa na jamaa. Runinga ndogo zilipowekwa vyumbani, akamtengenezea kila mkaazi ukurasa wake, wenye mpangilio wake, picha zake, na majina anayoyatumia yeye mwenyewe. Kufikia mwisho wa 2023 maktaba ilikuwa na video na sauti zaidi ya elfu nne.

Nitataja kurasa mbili tu, kwa sababu ndizo zilizoleta kisa chenyewe.

Mzee Thuranira ni mfugaji kutoka Ruiri. Kiharusi kilimpokonya usemi, na shule hakuwahi kwenda, kwa hivyo hawezi kusoma jina la video wala kulitaja. Bw. Ireri alienda bomani kwake na kamera, akarekodi ng'ombe wakinywa maji, wakikamuliwa, na wakiitwa jioni na Kobia, mwana wa mzee. Kisha kwenye jalada la kila video akaweka uso wa ng'ombe mmoja ambaye mzee anamjua. Mzee akitaka kuona malisho, humchagua ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Mama Awo ni wa Majengo, na macho yake hayaoni tena. Mwanawe, Mohamednoor Burale, alikuwa dereva wa lori aliyemtumia mama yake ujumbe wa sauti kila alipofika salama. Alifariki mwaka 2019. Bw. Ireri alizitoa sauti hizo kwenye simu ya mama, akaziunganisha kwa tarehe, akaziweka nafasi ya tatu kwenye ukurasa wake, baada ya kisomo na habari. Mama Awo hubonyeza kitufe mara tatu na kumsikiliza mwanawe kabla ya chai.

Februari 2024 diski ile ilianza kugonga ndani kama saa mbovu. Uongozi ukaita kampuni moja ya kompyuta ya mjini. Fundi wao alikuwa kijana mstaarabu na mwepesi wa kazi. Alinakili video zote kwenye diski mpya, akaweka upya programu ya kuchezesha maktaba, akasafisha hata majina ya folda yaliyoandikwa vibaya, na kufikia saa tisa alasiri alikuwa amemaliza. Tulimshukuru.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, nilikuwa zamu. Mama Awo alibonyeza mara tatu, akasikia mtu akifundisha kuogesha mbuzi dawa. Akarudi mwanzo, akabonyeza tena.

"Sheila!" aliniita. "Mohamed ameenda wapi? Hapa kuna mtu wa mbuzi."

Chumba cha pili, Mzee Thuranira alikuwa akitazama safu za miraba ya kijivu, yote sawasawa, kila mmoja ukiwa na nambari chini yake. Aliilaza rimoti kifudifudi kitandani na kugeukia ukuta. Hakula chakula cha mchana, wala cha jioni.

Fundi wa kampuni alirudi alipoitwa, alasiri hiyohiyo. Hakuona tatizo.

"Data iko yote, mzee," alimwambia Bw. Ireri. "Hakuna kitu imepotea. Angalia, file elfu nne mia tatu na kumi na mbili."

"Hizo nimeona," Bw. Ireri alisema. "Na ile kazi ya kupanga, iko wapi?"

Meneja wetu, Madam Ann, aliingilia kati. "Si utapanga tu tena, fundi?"

"Naweza panga, Madam," Bw. Ireri alimjibu. "Itanichukua mwaka. Mama Awo ako na miaka tisini na moja."

Likabaki suala la diski ya zamani. Mkataba ulisema kampuni iichukue na kuiharibu, ili mambo ya wazee yasije yakaangukia mikononi mwa watu. Ni sharti zuri, na Madam Ann alilisimamia. Fundi wa kampuni akanyoosha mkono. Bw. Ireri akaitia diski kwenye mfuko wa ovaroli yake na kufunga kifungo.

"Hii haitoki leo," alisema.

Aliamriwa aitoe mbele yetu sote, mara mbili. Alikataa mara mbili. Katika miaka yote ya utumishi wake hilo ndilo agizo pekee ambalo rekodi zinaonyesha hakulitii. Alipewa hadi Ijumaa jioni, pamoja na barua ya onyo.

Jumanne hiyo hakuigusa diski ile kabisa. Alichukua fleshi ndogo, akaweka video tano za majaribio, akazipa picha na majina, kisha akazihamisha huku na huku kuona ni lini programu inasahau. Mimi nilimsomea maelezo ya Kiingereza baada ya zamu, naye akaandika hatua kwenye daftari kwa Kimbeere. Hadi leo hakuna mwingine hapa anayeweza kulisoma.

Aligundua mambo mawili. La kwanza, picha, majina, mpangilio, na hata mahali mtu alipoishia kutazama, havikai ndani ya video. Programu huviweka kwenye folda yake, iliyofichwa, na folda hiyo ilibaki kwenye diski ya zamani kwa sababu fundi wa kampuni hakuiona. La pili, programu huikumbuka kila video kwa anwani yake: herufi ambayo kompyuta imeipa diski, jina la folda, jina la faili. Ikibadilika hata herufi moja, programu huhesabu kwamba video ya zamani imefutwa na nyingine ngeni imefika, na yale yote uliyoipangia ile ya kwanza huyatupa.

Kwa hivyo video hazikuhitajika tena kutoka diski ya zamani. Ilihitajika folda moja tu iliyofichwa, kutoka kwenye diski iliyokuwa ikifa.

Alianza Jumatano alfajiri, kabla jua halijapasha chumba. Kunakili kulifika asilimia sitini na moja, diski ikanyamaza. Aliigusa kwa kiganja, akachomoa waya, akailaza kwenye sakafu ya simenti ipoe, akaenda kuzibua choo cha upande wa wanaume.

Alhamisi, saa ileile, aliiwasha tena. Safari hii ilienda polepole, ikisimama na kuanza, naye alikaa mbele yake saa mbili bila kuegemea kiti. Ilikaribia mwisho kabisa, ikagonga mara moja, ikazima. Haijawahi kuwaka tena.

Siku nzima iliyobaki aliitumia kurudisha anwani. Aliipa diski mpya herufi ya ile ya zamani. Alirudisha majina ya folda kama alivyoyaandika yeye miaka kumi nyuma, makosa na yote, ikiwamo ile iitwayo "Ngombe wa Ruili". Aliizuia programu isifute chochote kwa hiari yake. Ijumaa saa tatu asubuhi aliifungua.

Kurasa zote ishirini na mbili zilirudi. Majina yalikuwapo, mpangilio ulikuwapo, na marehemu Mzee Gitari, ambaye ukurasa wake hakuna aliyethubutu kuufuta, bado alikuwa amesimama dakika ya arobaini ya mechi. Kilichopotea, katika sehemu ya mwisho ambayo haikuwahi kunakiliwa, ni picha thelathini na nane. Bw. Ireri alizihesabu na kuziandika moja moja.

Mama Awo alibonyeza mara tatu. Tulimsikia Mohamednoor akisema: "Mama, nimefika Isiolo. Nimekula. Usiwe na wasiwasi." Mama Awo alisikiliza ujumbe wote hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Huyo," alisema. "Mwambieni fundi asimwondoe tena."

Ng'ombe mwekundu wa Mzee Thuranira alikuwa kati ya zile thelathini na nane. Jumapili, siku yake ya mapumziko, Bw. Ireri alikwenda Ruiri. Kobia akamweleza kwamba ng'ombe yule aliuzwa mwaka uliopita, jambo ambalo baba yake hakuwa ameambiwa. Alichobaki nacho ni mtamba aliyezaliwa na ng'ombe huyo, mwekundu vilevile, baka lilelile. Bw. Ireri akampiga picha huyo, akarudi, akaiweka kwenye jalada.

Mzee Thuranira aliitazama picha muda mrefu. Akatikisa kichwa. Bw. Ireri akaanza kuomba radhi, lakini mzee akamshika mkono wa shati, akashusha kiganja chake hadi usawa wa goti, kisha akakipandisha taratibu hadi kifuani. Ni kama alisema: huyu nilimwacha hivi, sasa amekuwa hivi. Alikuwa amemtambua ndama wake. Alibonyeza, akatazama malisho, na jioni ile akamaliza sahani.

Baadaye Madam Ann alipendekeza barua ya onyo iondolewe kwenye faili. Bw. Ireri alimwambia aiache. "Nilikataa kweli, Madam. Iandikwe tu." Ipo mpaka leo. Nyuma yake pana barua nyingine, ya pongezi, ambayo hakuomba. Sharti la kampuni nalo lilibadilishwa: hakuna diski itakayoharibiwa kabla kila mkaazi hajafungua ukurasa wake na kuridhika.

Mengine ya utumishi wake ni marefu. Aliweka taa za korido zinazowaka zenyewe mtu akipita, na tangu hapo wazee wanaoanguka wakienda msalani wamepungua sana. Alimfundisha kila mhudumu kuzima umeme mahali panapofaa. Aliwahi kunyoa ndevu za wakaazi kwa mwezi mzima kinyozi wetu alipougua, na malalamiko tuliyopokea ni mawili tu.

Mwezi Mei mwaka huu alimkabidhi kazi fundi mpya, Gachoki. Mtihani ulikuwa kuihamisha maktaba yote kwenye diski nyingine mwanzo hadi mwisho, Bw. Ireri akiwa ameketi kando, mikono ameikunja. Kazi ilichukua saa nne. Aliuliza swali moja tu: "Umejaribu na ngapi kwanza?" Gachoki akajibu tano. Bw. Ireri akainuka, akaenda kunywa chai.

Sasa anarudi Kiambere kwa mkewe, Mama Lorna, ambaye kwa miaka ishirini na tisa amemwona wikendi mbili kwa mwezi. Wana mbuzi, wana shamba la ndengu, na kwa maelezo yake mwenyewe kuna bomba la maji linalovuja tangu Desemba ambalo ameambiwa atalikuta linamsubiri. Mama Awo alipopewa habari za kustaafu kwake, aliuliza sasa yeye atamgombeza nani. Gachoki amejitolea.

Bw. Ireri, kwa niaba ya wakaazi, wauguzi, wapishi na uongozi wa Nkirote, asante kwa kazi uliyotumwa, na asante zaidi kwa ile ambayo hukutumwa. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha ndengu zako, na siku ndefu nyumbani kwako. Namba yako ya simu tunayo sote, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayekupigia kabla ya saa nne asubuhi.

Sheila, Muuguzi wa Zamu