Amekaa au Amesimama

Kibanda cha kahawa cha Mama Entin kiko hatua ishirini na sita kutoka kwenye geti la reli la Cikemuning, upande wa treni ziendazo Jakarta. Mbele yake kuna benchi la mbao la watu wanne. Akija wa tano, lazima mmoja aishike bilauri yake mkononi. Kwa miaka kumi na moja nilikaa hapo kila asubuhi ya kazi, baada ya kumshusha mke wangu Wening kituoni kwa pikipiki. Alipanda treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, behewa la kwanza, la wanawake. Mimi nilisubiri ujumbe wake wa neno moja: nimekaa, au nimesimama. Ukishafika nilimalizia kahawa, nikarudi nyumbani kwenye kazi yangu ya kutafsiri mikataba. Asubuhi ninayoiandika hapa ujumbe haukufika, na Wening hakurudi. Nimeyaandika mazungumzo ya benchi kama yalivyokuwa, pamoja na saa zake, kwa sababu saa za asubuhi ile ninazo zote.

Wenzangu walikuwa wakicheza kamari kwa ujumbe ule, kipande cha tempe ya kukaanga, yaani soya iliyochachushwa, kwa kila mshindi. Rojali alikuwa dereva wa bodaboda ambaye hakuvua helmeti hata wakati wa kunywa kahawa, akifunua kioo tu, na kwa hiyo tulimwita Helmeti. Yeye siku zote alisema amesimama. Mzee Oding aliwahi kuinua na kushusha geti la reli kwa mkono kwa miaka thelathini, mpaka ikaja mashine. Huyo tulimwita Geti, na siku zote alisema amekaa. Wa tatu, Dayat, alikuwa fundi wa televisheni, jina lake la benchi Antena. Yeye hakuweka dau, alitoa maelezo. Mimi waliniita Mwalimu. Wening alijua habari za kamari. Siku nyingine aliandika: nimesimama, mpeni Helmeti tempe yake.

Saa kumi na mbili na nusu Helmeti alinigeukia.

— Mwalimu, leo vipi? Tempe yangu inapoa.

— Bado.

— Basi kasimama huyo. Mtu aliyesimama kashika bomba kwa mikono miwili, ataandika kwa pua?

— Kakaa, Geti alisema. Kakaa, kasinzia. Mtu aliyesimama ndo hutuma haraka, apate kulalamika.

— We mzee, mwaka huu umeshakula tempe zangu ngapi kwa maneno hayo?

— Siweki hesabu ya vitu vinavyoingia tumboni.

Nilimwandikia Wening: umepata kiti? Ikatokea tiki moja ya kijivu, ikabaki moja. Antena aliinama akaitazama bila kuigusa simu, kama daktari anavyotazama ulimi.

— Tiki moja. Ujumbe umetoka kwako, kwake haujaingia. Hapo si yeye, kaka. Hapo ni treni.

Nilipumua. Miaka miwili nyuma mabehewa yalibandikwa karatasi za rangi ya machungwa madirishani, zikisema abiria wana intaneti ya bure. Tangu siku ile Wening aliacha kununua bando la kutumia njiani. Alisema hawezi kulipia kitu alichokwisha kukilipia kwenye tiketi. Intaneti hiyo ilikuwa na siku zake. Mwaka ule ujumbe ulikuwa umechelewa mara tisa, na mara zote tisa uliingia baadaye, akiwa ameshafika ofisini. Nilichukulia kuwa hii ni mara ya kumi.

Baadaye wenzake wa behewani walinieleza kwamba alianza kulalamika kuwa kichwa kinamuuma saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Simu ilimponyoka mkononi, na mkono ule haukuweza kuiokota. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa wanamshusha kituo cha Kali Batang.

— Mimi nitawaambia tatizo la intaneti ya treni, alisema Geti. Mashine yake iko behewa la mwisho. Nimeiona, iko juu ya mlango, kama kopo la biskuti. Sasa behewa la kwanza liko wapi? Mbele kabisa. Intaneti ni kama maji ya bomba. Watu wa nyuma wamefungua, wa mbele watapata nini? Matone.

— Acha zako, mzee, Helmeti alisema. Mbele ndo wanayamaliza. Wanawake wale mia mbili wanaangalia video za mapishi toka Bogor. Unadhani itabaki?

— Helmeti, Mama Entin alisema bila kugeuka kutoka kwenye kikaango, wewe jana umekaa hapa saa nzima unaangalia jogoo wanapigana.

— Kwa bando langu, mama.

— Kwa waifai yangu. Nywila umepewa na nani?

Benchi lilicheka, nami nilicheka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu. Najua, kwa sababu dakika hiyohiyo mmoja wa wanawake wale aliandika kwenye kundi lao la simu, liitwalo Behewa la Kwanza: nani ana namba ya mume wa Wening? Nimeonyeshwa. Ujumbe ule ulisafiri kwa intaneti ya treni, ambayo asubuhi ile ilikuwa inafanya kazi vizuri, ukawafikia watu arobaini na mmoja papo hapo. Hakuna aliyekuwa na namba yangu. Ni kundi la wanawake, na sisi waume hatukuwahi kujuana nao. Simu ya Wening ilikuwa kimya tu kwa sababu kila asubuhi ilimbidi abonyeze kitufe cha kukubali masharti ndipo iungwe, na asubuhi ile hakuwahi kukibonyeza.

— Wote hamjui, Antena alisema. Nyinyi mnaongelea mabehewa. Tazameni juu.

Tulitazama juu. Kulikuwa na nyaya za umeme wa treni, na njiwa wawili.

— Umeme ule ni mkubwa. Kila kitu cha hewani unakivuta. Zamani nikifunga antena nyumba ya karibu na reli, treni ikipita picha inakwenda mshazari. Kwa nini? Imevutwa. Sasa ujumbe wa mtu mmoja, neno moja, una uzito gani? Unanyonywa na waya kabla haujafika kwenye mnara.

— Kwa hiyo upo kwenye waya? Helmeti aliuliza.

— Upo kwenye waya.

— Na wale njiwa wameukalia.

— Cheka tu. Kuna kubwa zaidi. Treni mbili zikipishana, kila moja ina mashine yake, sawa? Zinapopishana, kwa sekunde tatu nne, mashine zinakuwa jirani. Ujumbe ukitoka sekunde hizo unarukia treni ya pili. Mimi imeshanitokea. Nilimtumia mke wangu habari ya mchele, ikaenda Bogor ikarudi jioni.

— Jioni ulimtumia tena, Mama Entin alisema. Mkeo kaniambia.

Geti hakucheka. Alikuwa ameshatoa saa yake ya mfukoni, ile aliyopewa alipostaafu. Katika benchi lile yeye na mimi ndio tuliokuwa tukiheshimu saa.

— Ngojeni, alisema. Ya kumi na mbili na kumi na mbili inapishana na ya kutoka Jakarta wapi? Kali Batang. Dakika kumi na nane toka hapa. Hiyo inakuwa saa kumi na mbili na nusu. Ya Jakarta nayo inatumia kumi na nane kuja hapa. Basi itapita hapa saa moja kasoro dakika kumi na mbili.

— Na ujumbe ndani yake, Antena alisema.

— Mimi nimesema treni tu. Ujumbe ni wako.

— Tuusubiri basi, Helmeti alisema. Mwalimu, iweke simu hapa wazi. Ukipita tuudake.

Mama Entin aliacha kukaanga.

— Kwa nini mtu asiende pale kituoni akaulize?

— Akaulize nini? Geti alimjibu. Watu wa kituoni siku hizi wanakodolea mashine ya tiketi. Treni imeondoka, imeondoka. Enzi zangu ningejua mpaka nani kakohoa behewa la tatu.

Mimi nimesoma chuo kikuu. Nimefundisha watu namna ya kutofautisha sababu na mambo yaliyotokea kwa pamoja tu. Nilijua kwamba ujumbe haurukii treni ya pili. Hata hivyo niliiweka simu kwenye benchi, kioo kikiangalia juu, kati ya bilauri yangu na sahani ya tempe, nikasubiri treni ya Jakarta pamoja na wenzangu.

Kali Batang walikuwa wamemlaza kwenye chumba cha huduma ya kwanza, gari la wagonjwa likiwa njiani. Alikuwa anaongea. Maneno hayakuwa yakitoka sawasawa, lakini alikuwa anataja namba yangu, tarakimu zikiwa zimebadilishana nafasi, na wao walikuwa wakizipiga kama alivyozitaja. Namba moja haikuwepo. Nyingine ilipokewa na muuza vioo wa Surabaya. Bwana yule alinipigia baada ya wiki mbili, sijui nani alimpa namba yangu, akaniomba radhi kwa kuwa aliikata simu ile haraka.

Kengele ya geti ililia. Vizuizi vilishuka. Treni kutoka Jakarta ilipita, karibu tupu kama zinavyokuwa asubuhi zikielekea Bogor, na benchi likatetemeka kama kawaida. Watu wazima wanne tuliinamia simu. Kahawa ilitetemeka kwenye bilauri. Behewa la mwisho likapita. Vizuizi vikainuka.

Tiki moja.

— Umepitiliza, Antena alisema. Treni ilikuwa kasi.

— Saa moja kasoro kumi na mbili, Geti alisema, akarudisha saa mfukoni. Kamili.

Waliokuwa chumbani wanasema aliacha kuongea wakati treni ya Bogor inayofuata ilipokuwa inatangazwa. Niliiangalia ratiba. Treni hiyo hutangazwa Kali Batang saa moja kasoro dakika kumi na mbili.

Baada ya hapo maelezo yaliongezeka. Helmeti alisema dereva huizima intaneti makusudi ili abiria wasimrekodi akila. Antena alisema karatasi zile za madirishani zina madini ndani yake, na ndizo zinazoirudisha nyuma. Geti alisema intaneti ya kweli haijawahi kuwemo kwenye treni hata siku moja, kwamba watu wanatumia bando zao bila kujua na wanashukuru kwa bure. Hilo walilibishania muda mrefu kuliko yote, kwa sababu halikuwa mbali na akili. Kahawa yangu ilikuwa imebaki machicha. Mama Entin alitikisa chupa ya maji ya moto, akasema yamekwisha, asubiriwe achemshe mengine.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa makamo, amevaa sare ya kiwanda cha viatu, mgeni mtaani. Alikuwa amehamia nyumba za nyuma wiki ile. Aliagiza wali wa nazi wa kufungiwa. Alisimama akisikiliza wakati Mama Entin anakunja karatasi.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Mnabishania nini?

— Mke wa Mwalimu hapa, Helmeti alisema. Yuko kwenye treni. Kila siku anatuma ujumbe, leo hajatuma.

— Toka saa ngapi?

— Toka ya kumi na mbili na kumi na mbili.

— Umempigia anasemaje?

Aliniuliza mimi.

— Intaneti ya treni imekatika, dada, Antena alimjibu. Hapatikani.

— Siongelei intaneti. Kupiga simu, simu ya kawaida. Mbona hamjapiga?

Geti aliingiza mkono mfukoni kutafuta saa yake, hakuitoa. Helmeti alishusha kioo cha helmeti. Mama Entin alikuwa ameshika uzi wa kufungia wali, hakuufunga.

Mwaka wa kwanza wa safari zake Wening aliniomba nisimpigie akiwa behewani, kwa kuwa wenzake hulala. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Salio lilikuwepo. Lilikuwepo kwenye simu zetu zote nne.

Nilipiga saa moja na dakika sita. Ilipokewa kabla mlio wa pili haujaisha. Sauti ya mwanamke nisiyemjua, nyuma yake mlango wa hospitali unafunguka na kujifunga.

— Wewe ndiye mumewe? aliuliza. Simu yake ina namba ya siri, hatukuweza kuifungua. Toka kwenye treni nimeishika mkononi, nasubiri mtu apige.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama, na benchi lote linaniangalia, na Helmeti amekifunua kioo chake tena, kipande cha tempe vidoleni.

— Enhe, Mwalimu, alisema. Kakaa?