Mama Masika, Aliyelipatia Tuta Milango

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aishushaye mvua kwa kipimo akijuacho na azikusanyaye roho kwa saa aliyoiandika. Kwa jina lake tunasimulia maisha ya binti yetu, mke, mama na mhandisi, ambaye mji mzima ulimwita Mama Masika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1969 katika zahanati ya mtaa wa juu, mtoto wa tatu wa baba fundi saa na mama mkunga. Baba alimrithisha subira ya kutazama kitu kidogo mpaka kiseme. Mama alimrithisha ulimi. Akiwa na umri wa miaka sita aliliziba bomba la maji machafu la jikoni kwa donge la udongo, ili aone maji yatakwenda wapi. Yalikwenda chumbani, chini ya kitanda cha bibi yake. Mama alimkabidhi kitambaa cha kudekia kwanza, maneno yakafuata: “Haya, mtafiti, umeshajua yanakokwenda. Sasa yarudishe.”

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao tangu 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana hadi 1988. Elimu ya dini aliipata nyumbani kila alfajiri, wala hakuiona kamwe kuwa mshindani wa hesabu. Alizoea kusema kwamba aliyeyaumba maji ndiye aliyeyapa tabia, na kuisoma tabia hiyo ni namna mojawapo ya unyenyekevu. Mwaka 1990 aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, akahitimu Novemba 1994.

Tarehe 3 Aprili 1995 aliajiriwa na idara ya maji ya manispaa, akapewa meza iliyobanwa kati ya kabati la ramani na dirisha lisilofungika. Hapo ndipo lilipomkuta jambo lililoupambanua utumishi wake. Mwaka 2001, kwa msaada wa nchi za nje uliokusudiwa kuikinga miji na mabadiliko ya tabianchi, mtaa wa chini ulijengewa tuta refu la kuuzuia mto. Tuta lilikuwa imara kama nia ya waliolitoa, na mto haukuvuka tena. Ila walioandaa ramani zake walikuja kiangazi, maana ndipo barabara hupitika na wageni hupokelewa vizuri. Waliiona mitaro mikavu iliyoelekea mtoni, wakaidhania kuwa vijia vya miguu, wakaifukia. Masika yalipowadia, mvua iliyonyesha juu ya mtaa wenyewe haikuwa na pa kutokea. Mtaa ukageuka beseni.

Mwaka 2003 wafadhili waliandika kwamba wako tayari kutoa fedha nyingine, tuta liinuliwe zaidi. Ofisi nzima ilishangilia. Marehemu, aliyekabidhiwa kuandaa ziara yao, aliisogeza kutoka kiangazi hadi katikati ya masika. Mkurugenzi alimwita.

“Binti yangu, wageni watalowa.”

“Ndiyo maana nimewaita wakati huo, mzee.”

“Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Walisema kweli. Lakini mgeni akija kiangazi tu, mwenyeji anapona kiangazi tu.”

“Na wakikasirika wakaondoka na fedha zao?”

Marehemu alijua kwamba fedha hizo zikipotea, mtaa wa chini ungebaki majini bila tuta refu wala dawa nyingine, na lawama ingekuwa yake peke yake. Siku ile, wasimulia wenzake, hakugusa chakula chake cha mchana.

Wageni walikuja, wakavua viatu, wakakunja suruali. Aliwaingiza nyumbani kwa mshona nguo mmoja, Mama Cherehani, aliyekuwa ameipandisha mashine yake juu ya meza, na meza juu ya kitanda.

“Karibuni, karibuni,” mwenye nyumba aliwaambia. “Viti vipo, vinaelea.”

Kiongozi wa ujumbe aliuliza kama mto umevunja tuta. Marehemu akamtoa nje, akampandisha juu ya tuta lenyewe, akamwonyesha: mto upande huu, umetulia chini kabisa, maji upande ule, yamejaa majumbani.

“Unataka tufanye nini?” aliuliza yule bwana.

“Msiliinue. Litoboeni.”

“Mama, hili limejengwa kwa kodi za watu wetu. Nitarudi kuwaambia nini? Kwamba nimelipa lijengwe, na sasa nalipa litobolewe?”

“Waambie tuta halina kosa, limekosa milango tu. Nyumba gani hujengwa bila mlango? Mwomba chumvi huombea chungu chake, bwana. Chungu hiki ni changu, nakijua.”

Yule bwana alishuka tutani, akaenda zake. Fedha zilicheleweshwa mwaka mzima, na katika mwaka huo marehemu alihamishiwa ghala la mabomba, ambako aliendelea kuchora milango ile nyuma ya karatasi za vifungashio. Ilikuwa ya chuma, yenye bawaba juu: maji ya ndani huisukuma ikafunguka, na mto ukipanda huibana ikajifunga yenyewe. Mwishoni mwa 2004 idhini ilikuja, ikiambatana na ombi kwamba kazi isimamiwe na yeye. Milango ilikamilika Septemba 2005. Tangu hapo hakupokea ujumbe wowote wa wafadhili kiangazi, nao wakajifunza kusafiri na mabuti ya mpira.

Ndoa yake ilitoka tutani humo humo. Aliyesimamia ujenzi wa tuta, aliyejulikana kwa jina la utani Bwana Tuta, alisikia kuna mwanamke anayetaka kulitoboa, akaenda ofisini kwake na hasira zake zote.

“Wewe ndiye unayetaka kuliharibu tuta langu?”

“Ndiye mimi. Kaa, unywe chai.”

“Sikuja kunywa chai!”

“Basi kaa bila chai.”

Alikaa. Akarudi kesho yake kubishana, na keshokutwa, mpaka wenzake wakamuuliza kama ugomvi huo una mahari. Ndiye aliyeitoboa ile njia ya mlango wa kwanza kwa mkono wake. Walioana tarehe 17 Desemba 2005, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Aliyapokea maradhi kama alivyoipokea mvua, bila kulalamika na bila kuacha kuuliza. Aprili 2023 alilazwa, na masika yalikuwa makali kuliko yote tuliyoyaona. Asubuhi ya tarehe 26 mumewe aliingia wodini akiwa na matope hadi magotini.

“Umepita mtaa wa chini?”

“Nimepita.”

“Mlango wa tatu huwa unakamata takataka.”

“Nimeusafisha mwenyewe, mke wangu. Pumzika.”

“Na ndani kwa watu?”

“Mama Cherehani anashona. Amenifokea nisimchafulie sakafu.”

Marehemu alicheka, cheko fupi lililomchosha, akamshika mkono. Saa tatu asubuhi hiyo Mola wake alimwita.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, mama mzazi, kaka wawili, dada mmoja, na wahandisi vijana aliowalea kazini. Ameacha pia watu wa mtaa wa chini. Mvua imenyesha usiku kucha, nao wamefika hapa kaburini asubuhi hii kwa miguu, wazee na watoto, wamevaa viatu vyao vizuri, na viatu hivyo ni vikavu.

Mola amlaze pahali pa amani, mja wake aliyewahurumia waja wake. Amina.