Ngozi Iliyofichwa Darini

Papa Doudou, mlinzi wa ofisi moja karibu na kituo cha Schuman, alikuwa akitafuta usingizi tangu treni ya metro itoke Anderlecht, lakini wachumba wawili waliokaa mbele yake walimnyima. Joël alikuwa akichambua hadithi ya kale ya Waayalandi kwa ajili ya mtihani: mwanamke wa baharini anavua ngozi yake ya sili ufukweni, mwanamume anaiiba asiweze kurudi majini, anaificha darini, anamuoa. Baada ya miaka mke anaipata, anarudi zake baharini.

"Bon, mwanzo ni maisha yao muzuri," Joël alisema. "Shida, donc élément perturbateur, inaingia siku bibi anapata ngozi."

"Unaanza hadisi katikati," Anaïs akamjibu. "Na wizi unauweka wapi?"

"Ile ni contexte tu. Alificha sababu alimupenda."

Papa Doudou alikaza kufumba macho. Kwao Likasi, anayetaka mke hutuma wajomba, hapandi darini.

"Joël, unanichokesha. Shida inaanza siku bibi anapata kitu yake, ao siku bwana anaitwaa?"

"Siku anapata. Mbele ya siku ile, nani alilia?"

Anaïs akanyoosha mkono. "Nipe passeport yangu."

"Alors tumetoka kwa hadisi? Nakuchungia isipotee."

"Hatuyatoka bado kwa hadisi."

Kituo cha Schuman kikafika, milango ikafunguka. Papa Doudou alipita chini ya mkono wa Anaïs uliokuwa bado umenyooshwa. Mkono wa Joël ulikuwa umefika kwenye mfuko wa koti lake, na hapo ukabaki, umeubana mfuko.