Panya wa Dokta Luhende

Kijiwe chetu kilikuwa jirani na stendi ya Bariadi, mbele ya banda langu la baiskeli. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa tela la chama cha ushirika. Tela lilipokufa, ubao tukaurithi sisi. Ilikuwa miaka ile makampuni binafsi yalipoanza kununua pamba, na malori ya watu tusiowajua yakipita kila mara kutumwagia vumbi kwenye kahawa aliyotuuzia Generoza pale benchini. Wasemaji wakuu walikuwa wawili. Athanasi, jina la kijiweni Ushirika, alikuwa karani wa mzani hadi chama kilipofungwa. Bado alitembea na kalamu mfukoni. Novatus, yaani Soko Huria, alikuwa dalali wa chochote kinachouzika. Walibishana kila asubuhi, na Jumatatu hiyo walimbishania Luhende.

Luhende ni mtoto wa hapa hapa. Alikwenda Ulaya kusoma, akakaa huko mpaka ndevu zikaingia mvi. Sasa alikuwa likizo. Jumapili padri alimsimamisha kanisani, akatuambia huyu ni mtafiti wa ubongo, anachunguza vipokezi na visafirishaji vilivyomo humo.

— Visafirishaji! Soko Huria alianza, kikombe hakijafika mdomoni. Nyie mlisikia mahubiri, mimi nikasikia biashara. Yule jamaa ana malori.

— Malori ndani ya ubongo? nikauliza.

— Fundi, kaa na pancha zako. Wazungu wameshachoka kusafirisha pamba, sasa wanasafirisha akili. Kwa nini wanaokwenda kule hawarudi? Akili imepakiwa, mwili umebaki unaosha vyombo.

Ushirika akaguna.

— Kusafirisha bila kupokea ni wizi. Padri alitaja vipokezi kwanza. Kipokezi ni kituo, kina mzani, kina karani, kina stakabadhi. Ubongo, bwana, unaendeshwa kiushirika.

— Ndiyo maana wako umefilisika!

Tukaangua kicheko. Ushirika peke yake hakucheka.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema, na hakuna aliyejua uvungu umeingiaje.

Generoza aliweka birika chini.

— Mnabishana bure. Shangazi yangu ndiye anayempikia. Kamuuliza kazi yake hasa ni ipi, akamwambia anachunguza ubongo wa panya.

— Wa nani?

— Wa panya. Hawa hawa wanaokumalizia mahindi.

Ushirika alisimama wima.

— Mtu apande ndege, avuke bahari, akaangalie panya? Si angebaki! Ghala letu lina panya wa kutosha maprofesa wote wa dunia!

Soko Huria alimshika mkono, macho yanamng'aa.

— Rudia hapo kwenye ghala. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Maana yake nini?

— Maana yake wengi bila mpango hawafanyi kitu.

— Wapi! Maana yake wanauzwa! Ngosha, ndugu yangu, Ulaya ni baridi, panya wamekwisha. Yule hakuja likizo, kaja kununua. Na panya wa Bariadi amekula mpunga, amekula mbegu za pamba, ana akili kuliko huyo wa kwao anayelelewa kwa jibini. Hii ni dili.

— Nani kasema ananunua? Generoza akauliza.

— Haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo tuanze leo leo.

Tulicheka, tukanywa, tukatawanyika. Nilidhani yameishia hapo, kumbe mdomo wa Soko Huria ulikuwa na mbio kuliko malori.

Asubuhi ya pili nilikuta watu wamejaa mbele ya banda langu. Walikuwa na madebe, vibuyu, hata soksi zilizofungwa fundo, na ndani yake mikwaruzo mitupu. Mmoja aliapa ametoka Nyalikungu kwa baiskeli. Na katikati yao nani? Ushirika! Alikuwa ametundika mzani wake wa zamani kwenye nguzo ya banda langu, kalamu sikioni, anapanga madaraja. Tangu chama kifungwe sikuwahi kumwona amechangamka namna ile, kwa hiyo sikumfukuza.

— Huyu daraja la pili, alitangaza. Mkia umekatika.

— Kwani ubongo uko mkiani? mama mwenye debe akafoka.

— Mama, mzani hauna ndugu.

Generoza alikuwa ameshakwenda kumwita Luhende. Akaja, mtu mwembamba mwenye miwani na kandambili. Alipoona madebe alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Kisha akaona wenzake hawacheki.

— Jamani, samahani sana. Mimi sinunui panya. Wale wa kazini wanafugwa kule kule.

Minong'ono ikapanda. Soko Huria akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea uchochoroni. Mama wa daraja la pili akamwona.

— Dalali ni yule!

Alimrushia debe lenyewe. Kifuniko kikafunguka hewani. Ilivyokuwa baada ya hapo siwezi kuieleza kwa mpangilio: panya kwenye miguu ya watu, watu juu ya madebe, madebe mengine yanapinduka, Ushirika yuko juu ya benchi amekumbatia mzani wake, Soko Huria anaonekana kisogo tu. Vumbi lilipotulia, wengi walikuwa wameondoka wakimlaani dalali na ukoo wake.

Alibaki mama mmoja, amesimama palepale na kapu lake.

— Mayu, mama yangu, funga kapu vizuri, Ushirika akamwambia kutoka juu. Wako hawajatoka.

— Mimi sikuleta panya, alijibu. Nimeleta mume.

Aliitwa Apolonia, wa Mwanhuzi. Walikuja juu ya lori la pamba. Mumewe, mzee Boniventura, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa stendi. Hata kutoka pale benchini tuliuona mkono wake wa kulia ukitetemeka juu ya goti.

— Nilisikia kuna mtu wa ubongo, Apolonia alisema. Mkono ulianza huo, sasa na mguu umekuwa mzito. Majirani wanasema amerogwa. Wanamtaja dada yake, mjane, anaishi peke yake. Juzi wamemchomea boma la mbuzi. Nataka mtu aliyesoma aniambie, ni dada yake?

Hakuna aliyefanya mzaha tena. Ushirika alishuka benchini.

Luhende alimkalisha Apolonia, akamwangalia mzee kwa mbali kwa muda.

— Si dada yake, mama. Hakuna aliyemroga. Mimi si daktari wa kutibu, lakini ugonjwa unaofanana na huu ndio kazi yangu. Ndani ya ubongo, sehemu moja ikitaka kuisemesha nyingine, inamwaga dawa fulani kidogo. Upande wa pili kuna vipokezi vya kuipokea. Ikishapokelewa, visafirishaji vinarudisha iliyobaki, itumike tena. Sasa kwa mtu kama mzee, chembe zinazoitengeneza dawa hiyo zinakufa moja moja. Mkono unakosa amri.

— Vituo vipo, Ushirika alisema polepole. Wapokeaji wapo. Mzigo hauji.

— Hivyo hivyo.

— Basi nimeelewa, alisema, akakaa.

Apolonia hakumtazama Ushirika.

— Inatibika?

— Mwanza kuna madaktari. Ipo dawa ya kupunguza, mkono utatulia kiasi. Haiponyi. Nitawapeleka mwenyewe, na tukirudi nitafika Mwanhuzi, niongee na hao majirani.

Apolonia akaitikia kwa kichwa. Generoza alimpa kahawa, akainywa yote. Kisha akamgeukia Luhende.

— Na hao panya wako wa huko, mwanangu, ukiwapa ugonjwa huu, wanapona?

Ushirika akatazama kikombe. Mimi nikaokota spana nisiyokuwa na kazi nayo. Lori lilipita, vumbi likapita, jibu halikuja.

Mwishowe Luhende aliinuka, akavuka barabara. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamwamkia kwa Kisukuma:

— Mwangaluka, baba.

— Mwangaluka.

Akauchukua ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao, unatetemeka ndani ya mikono yake. Mzee Boniventura alimkagua usoni.

— Wewe mtoto wa nani?

Swali hilo aliliweza. Alitaja jina la baba yake, na la babu yake, na kilima walikozikwa.

— Aa, mzee alisema. Nawajua.