Mikono Miwili ya Daktari Rautapuro

Wasikilizaji wapendwa, Daktari Vilho Rautapuro hatunaye. Mrusha tufe wetu, daktari wetu hapa Savo, Ufini. Ameondoka akiwa na miaka arobaini na tisa.

Wakati wa ujana wake, tufe lilirushwa kwa mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kisha umbali ukajumlishwa. Kiangazi cha 1911, mjini Kuopio, Vilho aliwaacha wote mbali kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukamwangusha. Akawa wa pili.

Dada yake, Saimi, anacheka huku akilia. "Nilimwambia, kaka, huo wa kushoto ni wa kuchumia matunda ya porini tu! Alininunia wiki nzima."

Baadaye, Vilho akiwa daktari, hospitali yetu ikapata mashine ya eksirei. Kila asubuhi daktari aliipima kwa mkono wake mwenyewe. Aliuweka mbele ya mashine, na mifupa ikionekana vizuri, mgonjwa wa kwanza aliitwa. Vilho aliuweka wa kushoto.

"Huu umekula bure miaka mingi," alisema. "Nao ufanye kazi."

Mwaka wa tano ngozi ilipasuka. Wa saba, kidole kikakatwa. Kisha cha pili. Kisha mkono wote.

Hapo alijua, wasikilizaji, kwamba miale ya mashine ndiyo inayomla. Alijua kabisa. Lakini wagonjwa wa kifua walijaa kwenye mabenchi wakikohoa damu, na kitu kingine cha kuipimia mashine hakikuwepo.

Muuguzi wake, Impi Tolvanen, alikuwa na miaka ishirini. "Nikamwambia, 'Daktari, leo weka wangu.' Hakuwahi kunifokea kabla, siku ile alinifokea: 'Toka nje, binti! Funga mlango!' Nilipochungulia, ameshauweka wa kulia."

Wa kulia, wasikilizaji wapendwa. Ule wa tufe.

Kipimo cha chuma, cha kuwekwa mahali pa mkono, kililetwa miaka miwili baadaye, wa kulia nao umeshakatwa. Inaniuma, siwafichi. Majira haya ya baridi Saimi alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko. "Mtu aliyekuwa akininyanyua pamoja na kiti changu," anasema.

Saimi, na ukoo wote wa Rautapuro, poleni sana. Nasi tuliopona kwa mashine ile, leo tukiketi mezani, tuitazame mikono yetu kidogo kabla ya kushika mkate.

Jana Impi ndiye aliyemvalisha shati la mwisho. Nikamuuliza kama aliweza.

"Vifungo vilinishinda," akasema. "Vidole ninavyo vyote kumi."